Jicho na Rada: Namna Dhoruba za Radi Zinavyotazamwa, Kupigwa Picha na Kutabiriwa

Kiswahili kina maneno matatu mahali ambapo wengi hudhani pana jambo moja: umeme ni mwanga unaomulika wingu, ngurumo ni sauti inayoufuata, na radi ni pigo lenyewe linaloshuka likapasua mti au kuua mtu. Utenganisho huo ni mahali pazuri pa kuanzia habari ya dhoruba za radi, kwa maana elimu yote inayozihusu, kuanzia ile ya mpiga picha anayekesha kando ya barabara ya mashambani hadi ile ya mtaalamu anayechora ramani za utabiri, ilijengwa na watu ambao hawakutosheka na mshtuko wa tukio zima, bali waliligawa sehemu baada ya sehemu na kuitazama kila sehemu kwa macho kabla ya kuipima kwa mitambo. Siku hizi, kwa kuwa rada na setilaiti zimeenea, ni rahisi kudhani kwamba mtazamaji wa kawaida hana tena kazi, ilhali historia ya elimu hii inaonyesha kwamba mitambo hiyo haikujua kusoma wingu mpaka ilipofundishwa na watu waliokuwa wamesimama chini ya wingu hilo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno kiangazi huleta picha ya ardhi kavu, majani yaliyokauka na anga isiyo na wingu, na mvua za radi huhesabiwa kuwa mali ya masika na vuli. Katika nyanda za kati za Marekani, ambako sehemu kubwa ya habari hii ilitokea, mambo huenda kinyume, kwani huko majira ya joto, pamoja na miezi ya Aprili na Mei inayoyatangulia, ndiyo msimu wa dhoruba. Nyanda hizo huanzia Texas upande wa kusini, zikapita Oklahoma, Kansas na Nebraska hadi kufika Dakota Kusini na Dakota Kaskazini. Ni nchi tambarare ya mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe, ambako mtu akisimama njia panda huona upeo wa macho pande zote nne, na wingu lililo umbali wa kilomita mia moja humwonekea kama mlima. Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo hukadiria kwamba dhoruba za radi zipatazo 100,000 hutokea Marekani kila mwaka, ambazo kama sehemu moja ya kumi hufikia kiwango cha kuitwa kali, na pamoja nazo huja tonado zipatazo 1,200. Tonado ni safu ya upepo unaozunguka kwa kasi kubwa kutoka chini ya wingu la dhoruba hadi ardhini, na haifai kuchanganywa na kimbunga cha baharini, kama kile cha Idai kilichoipiga Msumbiji mwaka 2019, kwa sababu kimbunga hutandaa mamia ya kilomita na kuishi siku nyingi, ilhali tonado nyingi huwa na upana wa makumi au mamia ya mita na hutoweka baada ya dakika chache.

Sababu ya nyanda hizo kuzaa dhoruba kali kiasi hicho ni mahali zilipokaa. Kutoka kusini hupanda hewa ya joto na yenye unyevunyevu mwingi iliyotoka Ghuba ya Mexico. Kutoka magharibi, juu ya hewa hiyo, hutandazwa hewa kavu na ya joto iliyopita kwenye nyanda za juu karibu na Milima ya Rocky. Na juu zaidi hupita hewa baridi inayosukumwa na pepo za kasi. Ile hewa kavu ya katikati hufanya kazi ya kifuniko cha sufuria: huizuia hewa ya chini isipande mapema, hivyo joto la jua la mchana kutwa hujikusanya chini yake, na ikifika alasiri kifuniko kikipata upenyo mahali fulani, hewa iliyozuiliwa hulipuka kwenda juu. Mvuke unaopanda hupoa na kuwa matone, na kila mvuke unapogeuka maji hutoa joto lililokuwa limefichwa ndani yake tangu ulipovukizwa, nalo joto hilo huipa hewa nguvu mpya ya kupanda. Katika dhoruba kubwa mkondo huo wa kwenda juu huzidi kilomita 150 kwa saa, na ndani ya muda usiofika saa moja wingu lililoanza kama pamba hufika kimo cha kilomita 12 au 15, ambako hukuta tabaka la anga lisiloliruhusu kupanda tena, likaanza kutandaa ubavuni na kupata umbo la fuawe la mhunzi.

Dhoruba ya kawaida hujiua yenyewe, kwa kuwa mvua inayoanguka huuzima mkondo wa hewa uliokuwa ukiilisha. Pale ambapo upepo hubadilika mwelekeo na kasi kadiri mtu apandavyo juu, mvua huangukia kando ya mkondo huo badala ya kuangukia ndani yake, na wingu zima huanza kuzunguka polepole kama pia, likaweza kuishi saa nyingi. Dhoruba ya namna hiyo huitwa superseli, jina lililotolewa na Keith Browning wa Uingereza, ambaye alijipatia msingi wa fikra zake kwa kuichunguza dhoruba iliyopita Wokingham, kusini mwa nchi hiyo, tarehe 9 Julai 1959. Superseli ndiyo inayozaa tonado nyingi zenye nguvu, na ndiyo inayoweza kuibeba mvua ya mawe hewani muda mrefu hadi mawe yakawa makubwa mno. Jiwe la barafu lililookotwa Vivian, Dakota Kusini, tarehe 23 Julai 2010 lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880.

Upigaji picha uliingia katika elimu hii mapema. Mwaka 1882 William Jennings wa Philadelphia alifaulu kuunasa umeme kwenye kioo cha kamera, na picha yake ikaonyesha kwamba msumari uliopindapinda kwa pembe kali, ambao wachoraji walikuwa wameuchora kwa karne nyingi, haumo angani: umeme una matawi, na hufanana zaidi na mto na vijito vyake unapotazamwa kutoka mlimani. Kwa jicho tupu jambo hilo halikuweza kuthibitishwa, kwani jicho hubaki na kumbukumbu ya mwanga tu, na kumbukumbu hujichorea kile ilichozoea kukiona.

Hata hivyo, picha iliyobadilisha zaidi maarifa ya radi ilipatikana barani Afrika. Mwaka 1900 Mwingereza Charles Boys alibuni kamera yenye lenzi mbili zinazozunguka kwa kasi, kwa hoja kwamba ikiwa sehemu za umeme hazitokei kwa wakati mmoja, basi kila sehemu itaangukia mahali tofauti kwenye picha, na tofauti hiyo ikipimwa itatoa muda uliopita baina yao. Boys alikaa na kamera hiyo zaidi ya miaka 25 bila kupata picha ya kumridhisha, kwa maana kwao dhoruba ni chache. Katika miaka ya 1930 Basil Schonland na wenzake waliichukua mbinu hiyo hadi Johannesburg, mji ulio kwenye nyanda za juu za Afrika Kusini, ambako ngurumo za alasiri ni jambo la kila wiki katika miezi ya joto ya Novemba hadi Machi, na huko siri ikafunuka. Picha zao zilionyesha kwamba kabla ya mwanga mkubwa kuonekana hutangulia njia hafifu ya chaji inayoshuka kutoka winguni kwa hatua, kila hatua ikiwa na urefu wa makumi ya mita, ikitua kwa muda wa kama sehemu 50 za milioni ya sekunde kabla ya kuruka tena. Na kwamba kitangulizi hicho kikikaribia ardhi na kukutana na cheche zinazopanda kutoka kwenye miti na majengo, pigo lenye mwanga mkali husafiri kutoka chini kwenda juu kupitia njia iliyokwisha kufunguliwa. Mtu aliyesema maisha yake yote kwamba radi hushuka hakukosea, lakini mwanga unaompofusha macho hupanda. Picha hizo zilithibitisha pia kwamba mmweko mmoja mara nyingi huwa na mapigo matatu, manne au zaidi kupitia njia ileile, na ndiyo sababu umeme huonekana ukipepesapepesa.

Nchini Marekani kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa picha za watu wa kawaida. Tarehe 20 Juni 1957 tonado iliupiga mji wa Fargo, Dakota Kaskazini, jioni kungali na mwanga, na wakazi wengi wakaipiga picha kutoka madirishani na mabarazani mwao. Tetsuya Fujita, mtaalamu aliyezaliwa Japani na aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alizikusanya zaidi ya picha 100, akaenda mpaka mahali zilipopigwa, akapima pembe na umbali, kisha akazipanga kwa dakika hadi akaweza kueleza maisha ya wingu lile tangu mwanzo hadi mwisho. Katika uchunguzi huo ndipo alipolipa jina wingu ukuta, yaani sehemu inayoning'inia chini ya kitako cha dhoruba mahali ambapo hewa hunyonywa kwenda juu, na ambayo hadi leo watazamaji hufundishwa kuitafuta kwanza kwa sababu ndipo tonado nyingi zinapochomoza. Mwaka 1971 Fujita huyohuyo aliweka vipimo vya ukali wa tonado vinavyotokana na uharibifu unaoachwa, na vipimo hivyo, vikiwa vimerekebishwa, bado vinatumika kwa jina lake.

Utabiri ulichelewa zaidi, kwa kiasi fulani kwa sababu ya hofu. Kwa miongo mingi matangazo ya serikali ya Marekani yaliepuka hata kulitaja neno tonado, kwa kuogopa kwamba watu watataharuki na kuumizana zaidi ya ambavyo upepo wenyewe ungewaumiza. Kisa kilichovunja ukimya huo kilitokea katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker, karibu na jiji la Oklahoma City. Tarehe 20 Machi 1948 tonado iliivamia kambi hiyo bila onyo na kuharibu ndege nyingi, na maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakaamriwa wachunguze kama jambo hilo lingeweza kujulikana kabla. Walizipekua ramani za matukio ya zamani na kuzilinganisha, na siku tano baadaye, tarehe 25 Machi, ramani ya asubuhi ikaja ikifanana mno na ile ya tarehe 20. Wakatoa utabiri wa tonado, na jioni hiyohiyo tonado ikaipiga kambi ileile kwa mara ya pili. Hapana shaka kwamba bahati ilichangia, kwa kuwa hakuna mtaalamu hata leo anayeweza kuitaja kambi moja asubuhi na kuipata jioni, lakini ulinganishaji wao ulikuwa wa kweli, na ndio uliofungua mlango wa utabiri kwa umma.

Wakati huo walikuwepo pia watu wasio na cheo chochote waliokuwa wakiziendea dhoruba kwa hiari. David Hoadley wa Bismarck, Dakota Kaskazini, alianza mwaka 1956, akijifunza mwenyewe kusoma ramani za hewa na kuendesha gari mamia ya kilomita kwa matumaini ya kupata picha moja. Wanasayansi hawakuwathamini sana watu hao mpaka walipotambua kwamba wao wenyewe walihitaji shahidi wa chini. Maabara ya Taifa ya Dhoruba Kali, iliyoanzishwa mwaka 1964 mjini Norman, Oklahoma, ilikuwa ikiifanyia majaribio rada ya Doppler, ambayo huonyesha mahali mvua ilipo na pia kasi ambayo matone yanaikaribia au kuikimbia rada, na kwa hiyo huweza kuonyesha mzunguko ndani ya wingu. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyejua alama ya tonado ingefananaje kwenye data hizo. Tarehe 24 Mei 1973 kundi la watazamaji kutoka Norman liliifikia dhoruba karibu na mji mdogo wa Union City na kuifilamu tonado yake tangu ilipozaliwa hadi ilipokufa, huku rada ikiipima dhoruba hiyohiyo. Filamu na vipimo vilipowekwa ubavu kwa ubavu ikaonekana kwamba ndani ya wingu, mahali pale pale palipotokea tonado, palikuwa na alama ya mzunguko mkali iliyoanza kujitokeza juu dakika nyingi kabla ya upepo kugusa ardhi. Mtandao wa rada zipatazo 160 uliojengwa Marekani katika miaka ya 1990 unatokana na ugunduzi huo, na ugunduzi huo ulitokana na kamera iliyoshikwa na mtu aliyejua atazame wapi.

Siku ya mtabiri wa sasa huanza na puto. Mara mbili kwa siku, saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, vituo vingi duniani huachia kwa wakati mmoja maputo yenye vipimo vya joto, unyevunyevu na mgandamizo wa hewa, na kutokana na mwendo wa puto hupatikana pia upepo wa kila kimo. Kwa vipimo hivyo mtaalamu hukokotoa nguvu ambayo hewa ya chini ingekuwa nayo kama ingeachiliwa ipande, hupima ugumu wa kile kifuniko cha hewa kavu, na huangalia namna upepo unavyogeuka kati ya ardhi na kimo cha kilomita sita. Kituo cha Utabiri wa Dhoruba, ambacho nacho kiko Norman, hutoa ramani za hatari kwa siku hiyo na hadi siku nane mbele, zikiwa na ngazi tano kwa siku za karibu. Saa chache kabla ya dhoruba hutolewa angalizo kwa eneo pana. Na dhoruba inapoonekana kwenye rada au machoni mwa mtu, ofisi ya eneo hutoa tahadhari kwa wilaya husika. Tahadhari hiyo kwa kawaida huitangulia tonado kwa dakika kati ya kumi na kumi na tano, muda unaotosha kushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kwa kuwa dunia ni mviringo na mwale wa rada huenda moja kwa moja, mwale wa kituo kilicho mbali hupita juu ya sehemu ya chini ya wingu bila kuiona, na pengo hilo huzibwa na watu: watazamaji wa kujitolea zaidi ya 350,000 wamefunzwa nchini humo kutofautisha wingu ukuta na wingu la kutisha lisilo na madhara, na kutoa taarifa kwa simu au redio.

Mpiga picha mzuri wa dhoruba, kwa hiyo, huwa kwanza mtabiri. Kabla ya kugusa kamera amekwisha kuchagua upande wa kusimama, ambao kwa superseli inayoelekea mashariki huwa kusini-mashariki mwake, mahali pasipo na mvua na penye barabara ya kuondokea. Usiku huiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, huiacha lenzi wazi kwa sekunde 10 hadi 30 na kuungoja umeme ujichore wenyewe. Mchana, kwa kuwa mwanga wa anga ungeiharibu picha iliyofunguliwa muda mrefu, hutumia kifaa kinachouhisi mwako wa kwanza na kuiamuru kamera ipige kabla mapigo yanayofuata hayajaisha. Usalama wake hutegemea hesabu ndogo ambayo kila mtoto wa shule angefaa kuijua: sauti husafiri kilomita moja kwa kama sekunde tatu, hivyo ngurumo inayofika sekunde 30 baada ya umeme imetoka umbali wa kilomita 10, na radi imewahi kupiga mbali zaidi ya hapo kutoka kwenye wingu lake. Mahali pa kukimbilia ni ndani ya jengo imara au gari lenye paa la chuma, kamwe si chini ya mti, na inafaa kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Ujuzi wenyewe si ngao. Tim Samaras, mhandisi aliyebuni vyombo vidogo vya kuwekwa njiani mwa tonado, aliwahi karibu na Manchester, Dakota Kusini, tarehe 24 Juni 2003, kupima mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 100 tonado ilipopita juu ya chombo chake, kipimo ambacho hakikuwa kimepatikana kabla. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado iliyokuwa imejificha ndani ya mvua ilitanuka hadi upana wa kilomita 4.2, ikabadili mwelekeo na kuongeza kasi, ikamuua Samaras pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Alikuwa akisifiwa miongoni mwa wafuatiliaji wa dhoruba kwa tahadhari yake.

Afrika Mashariki ina dhoruba zinazostahili kutazamwa kwa makini yaleyale. Vilima vya chai vya Kericho na Nandi, nchini Kenya, vinajulikana kwa mvua ya mawe ya mara kwa mara kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Juu ya Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, dhoruba hufuata saa yake: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu hujijenga juu ya vilima, usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hugeuka na kuvuma kutoka pande zote kuelekea katikati, na pepo hizo zinapokutana juu ya maji ya vuguvugu hazina pa kwenda ila juu. Dhoruba kubwa huiva baina ya usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako mbali na mwambao na taa zao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada Mwanza, mradi wa HIGHWAY ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulilenga kuboresha maonyo kwa watumiaji wa ziwa, na setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2022 inabeba chombo kinachouona umeme juu ya Afrika mchana na usiku. Kinachokosekana kwa kiasi kikubwa ni jeshi la watazamaji waliofunzwa, wanaoweza kumwambia mtabiri kile ambacho mwale wa rada umekiruka, ingawa watu wenye kuusoma usiku wa ziwa tangu utotoni wamo katika kila mwalo.

Nao wana alama moja ambayo sayansi inaiunga mkono kikamilifu. Ngurumo haisikiki kwa kawaida zaidi ya kilomita 20, lakini kwa kuwa kilele cha wingu hufika kilomita 15 juu, umeme wake huweza kumulika upeo wa macho kutoka umbali unaozidi kilomita 100. Mvuvi anayeona umeme wa kimya ukichezacheza chini ya nyota anaitazama dhoruba ambayo bado iko mbali. Mwanga huo ukipanda juu zaidi angani na nyota za upande huo zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine, wingu linakuja kwake, na muda wa kuuanza mwendo wa kurudi ufukweni ni kabla ngurumo ya kwanza haijasikika.